Kuigiza Vita Mbele ya Waliovikimbia



Mwezi Juni 2015, nchini Ubelgiji, watu wapatao elfu tano walivaa sare za mwaka 1815, wakapanga mizinga na farasi kwenye mashamba ya Waterloo, na kwa jioni mbili wakapigana upya vita vilivyomwangusha Napoleon. Watazamaji walilipa kiingilio, wakakaa majukwaani. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wajukuu wa vikosi vya Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, wamekuwa wakikusanyika Isandlwana mwezi Januari kuigiza siku ya tarehe 22 Januari 1879, siku ambayo jeshi la Waingereza lilishindwa chini ya mlima ule. Wanaofanya kazi hii huiita historia hai. Hoja yao ni kwamba kusoma tarehe peke yake hakumfundishi mtu vita. Inampasa aone bunduki ikijazwa baruti, asikie harufu ya moshi, ajue uzito wa koti la sufu juani. Naiheshimu hoja hiyo. Swali linalonileta mbele yenu ni kama mji wetu wa Kindu, mkoani Maniema hapa Kongo, unaweza kuitumia njia hiyo kuwafundisha watoto wake, wakati vita vyetu si vya babu wa babu zetu bali ni vya mama anayeuza mihogo sokoni asubuhi hii. Nasema unaweza, kwa sharti moja: tuigize mzigo, njia, uvumi na njaa, na risasi tuiache. Wengine watadhani sharti hili limetokana na huruma. Huruma imo, lakini mimi naliweka kwa sababu ya ukweli, kwani vita vilivyopita Maniema, tukivitazama vizuri, kwa sehemu kubwa vilikuwa ni mzigo na njaa.

Kwanza niondoe dhana kwamba jambo hili ni la Wazungu. Watu wanaosema Kiswahili wameigiza vita vya kisasa kwa zaidi ya miaka mia. Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, vijana walianzisha ngoma ya Beni. Walipiga tarumbeta na ngoma za kijeshi, wakatembea kwa gwaride, wakapeana vyeo vya kingi, jenerali na kapteni, wakashindana kwa vyama. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza ngoma hiyo: askari na wapagazi waliirudisha makwao, ikaenea Tanganyika na Nyasa, ikafika hadi miji ya migodi ya Katanga. Serikali za kikoloni ziliiogopa Beni kwa sababu hazikuelewa kama watu wale walikuwa wanalitukuza jeshi, wanalicheka, au wanajifunza kujipanga. Nadhani walikuwa wanafanya yote matatu. Waliona jeshi likiwatawala, wakachukua umbo lake, wakalitia mwilini mwao ili walielewe. Kwa hiyo tunapojadili historia hai hatujadili kitu cha kuazima. Tunajadili namna ya kuitumia vizuri akili iliyopo katika lugha yetu tangu zamani.

Lakini umbo linaweza kuumiza. Tarehe 7 Aprili 2014, katika uwanja wa Amahoro mjini Kigali, Rwanda iliadhimisha miaka ishirini tangu mauaji ya kimbari. Mamia ya waigizaji, wakiongozwa na Hope Azeda, waliingia uwanjani na kuonyesha historia ya nchi yao tangu kuingia kwa wakoloni hadi miili ya watu ilipolala chini kwenye majani. Mchezo ulikuwa wa ustadi mkubwa. Ulipofika kwenye mauaji, vilio vikapasuka majukwaani: watu waliokuwa wameketi kimya walipiga mayowe, wakatetemeka, na mmoja baada ya mwingine wakabebwa kupelekwa kwa wahudumu walioandaliwa. Wenye shughuli walijua litatokea, ndiyo maana wahudumu walikuwa tayari. Sitaki kuwahukumu, taifa lile lilikuwa na sababu zake za kutaka kuona. Ninachokiona mimi ni kwamba kwa mtu aliyenusurika, mwigizaji anayeinua panga haigizi. Jicho huona panga, na mwili hurudi palepale ulipokuwa. Mtazamaji wa Waterloo hana mwili wa namna hiyo, kwa sababu miaka mia mbili imemkinga. Sisi ni nani wa kutukinga?

Na ipo hatari nyingine, isiyozungumzwa sana, ambayo inamhusu hata asiyejeruhiwa. Mwaka 1920, huko Petrograd, Urusi, mtunzi wa tamthilia Nikolai Evreinov aliongoza maelfu ya watu kuigiza kutekwa kwa Jumba la Majira ya Baridi, tukio la mapinduzi ya miaka mitatu nyuma. Umati uliokuwa kwenye mchezo ulikuwa mkubwa kuliko ule wa tukio lenyewe, taa zilikuwa nyingi zaidi, na mwendo ulikuwa wa kishujaa zaidi. Baadaye picha iliyopigwa kwenye maigizo hayo ikachapishwa vitabuni kana kwamba ni picha ya mwaka 1917, na watoto wa shule wakajifunza mapinduzi ambayo hayakuwa hivyo. Hivi ndivyo risasi ya maigizo inavyofanya kazi. Ina kelele, ina mwali, ina mshindi, inakwisha kabla jua halijatua. Anayeitazama huondoka akiamini kwamba vita ni mapambano kati ya watu wenye silaha, na kwamba wengine wote walikuwa wamesimama pembeni wakingoja matokeo.

Tuitazame basi Kindu yenyewe. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, reli ilikuwa imeshaunganisha Kindu na Kongolo, kilomita 355. Kaskazini, reli fupi ilikwepa maporomoko kati ya Kisangani na Ubundu, na boti zikapanda mto Lualaba kutoka Ubundu hadi hapa. Mwaka 1915 reli ya Kabalo hadi Kalemie ikakamilika, na mnyororo wote wa mto na reli ukafika Ziwa Tanganyika. Mnyororo huo ndio uliopitisha vita. Ndege nne za kutua majini, aina ya Short, ambazo Wabelgiji walizipata kwa Waingereza, zilisafirishwa zikiwa vipande ndani ya masanduku, zikapakuliwa botini na kupakiwa kwenye treni, zikapakuliwa na kupakiwa tena, hadi ziwani, ambako mwaka 1916 zilikwenda kudondosha mabomu Kigoma. Mtoto wa Kindu anayefundishwa kwamba ndege za kwanza za vita katika eneo hili ziliishambulia Kigoma amefundishwa nusu. Nusu ya pili ni masanduku, na mikono iliyoyapokea kwenye kila kituo. Bila mikono ile hakuna rubani.

Reli ilipokwisha, kichwa cha mtu ndicho kilichoendelea. Mbung'o waliua ng'ombe na punda, barabara za magari hazikuwapo, kwa hiyo Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, lilipotoka Kivu na ziwani kwenda Tabora, mji lililouteka tarehe 19 Septemba 1916, lilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa kampeni yote ya Wabelgiji ni wapagazi wapatao 260,000. Idadi hiyo ukiisoma inapita kama upepo. Ndiyo maana nataka iigizwe. Tuchukue mzigo wa kilo 25 za unga. Tuseme mpagazi na askari kila mmoja anakula kilo moja kwa siku, na jeshi liko mbali mwendo wa siku kumi. Mpagazi atakula kilo kumi akienda na kilo kumi akirudi, kwa hiyo atakachokikabidhi ni kilo tano tu. Katika siku zake ishirini za safari amemlisha askari mmoja kwa siku tano. Maana yake ni kwamba ili askari mmoja ale kila siku, wapagazi wanne wanapaswa kuwa njiani bila kukoma. Askari elfu moja wanahitaji wapagazi elfu nne, na hapo hatujagusa risasi, dawa, hema wala sanduku la mvinyo la ofisa. Jeshi likisogea siku mbili mbele zaidi, mpagazi anabaki na kilo moja ya kukabidhi. Hapo kamanda ana njia mbili: kuwapunguzia wapagazi chakula, au kunyang'anya vijiji vya njiani. Katika vita vile njia zote mbili zilitumika, na wapagazi walikufa zaidi kwa kuhara na homa ya mapafu kuliko kwa risasi.

Sasa fikirini hesabu hiyo ikifundishwa kwa miguu. Darasa la wanafunzi arobaini linatoka bandarini hadi stesheni ya reli, kila mmoja na mzigo wake uliopimwa kwa mizani, mwepesi kwa kadiri ya umri. Kila baada ya mwendo fulani, mwalimu anamwamuru kila mmoja apunguze kiasi cha unga alichokula siku hiyo, kinamwagwa kwenye gunia pembeni. Wanafika, na mbele ya macho yao kinabaki kirundo kidogo. Mwanafunzi wa darasa hilo hataondoka akitamani kuwa jenerali. Ataondoka na maswali: nani aliwaandika wapagazi, shamba la mpagazi lililimwa na nani alipokuwa hayupo, mkewe alikula nini. Hayo ndiyo maswali ya mwanahistoria, na yamezaliwa bila bunduki hata moja ya mti.

Mtu atasema nimechagua vita vya zamani vinavyofaa hoja yangu. Basi tusogee karibu. Kindu ilitekwa Oktoba 1998 na waasi wa RCD na jeshi la Rwanda, na kuanguka kwake kulifungua njia ya kuelekea Kasai. Ilipofika mwaka 2002, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa wameuzunguka mji, waliokuwa ndani wakashindwa kwenda mashambani, treni ya kusini haikuja, na mto ukawa njia ya kifo. Treni haikurudi hadi mwaka 2004. Shirika la misaada la IRC lilikadiria kwamba vita na matokeo yake viliua watu milioni 5.4 nchini kwetu kati ya mwaka 1998 na 2007. Watafiti wengine wameipinga jumla hiyo wakisema imezidi mno. Lakini katika ubishi wote huo, jambo moja halikupingwa kwa nguvu: wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Walikufa kwa malaria, kwa kuhara, kwa utapiamlo, kwa kujifungua porini. Basi anayeigiza mapambano ya Kindu kwa bunduki na moshi anawaacha nje ya mchezo wengi wa marehemu wetu. Anayeigiza soko siku ambayo mihogo haikuingia, anayeonyesha bei ya kopo la chumvi ikipanda, anayeonyesha mama akichagua ni mtoto yupi apewe dawa iliyobaki, huyo yuko karibu zaidi na vita vilivyokuwa. Hata hilo la mwisho si la kuigizwa ovyo.

Kuhusu uvumi, mji huu una somo ambalo dunia imelitunza na sisi tumeliacha. Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za C-119 zilitua Kindu zikileta mahitaji ya kikosi cha Malaya kilichokuwa hapa chini ya Umoja wa Mataifa. Ndani yake walikuwamo wanajeshi wa anga 13 wa Italia, kutoka kikosi cha Pisa. Walikamatwa wakiwa kwenye bwalo la maofisa wa Malaya, wakadhaniwa kuwa mamluki wa Kibelgiji wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, wakauawa. Pisa ina mahali pa kumbukumbu yao, na huwakumbuka kila mwaka. Mtu anayetaka damu ataigiza kuuawa kwao, na hatakuwa amefundisha kitu. Swali la kujifunza linatangulia kifo: ilikuwaje watu walioleta chakula wakaonekana maadui ndani ya saa chache? Hili linaweza kuigizwa kwa watu ishirini waliosimama kwenye mstari. Wa kwanza anaona ndege, Wazungu, sare. Anamnong'oneza wa pili. Wa pili ana hofu ya Katanga kifuani, kwa hiyo anapitisha alichosikia pamoja na hofu yake. Tusikilize kinachomfikia wa ishirini. Kisha tuwaulize wanafunzi ujumbe wa aina hiyo leo unasafiri kwa muda gani ndani ya simu zao. Miaka mitatu baadaye, Julai 1964, waasi wa Simba walipoingia Kindu, watu waliuawa kwa kuitwa tu jina la chama, PNP, au kwa kujua kusoma na kuandika. Neno lilitangulia silaha. Hakuna haja ya kuonyesha silaha ili neno lieleweke.

Nakuja kwenye pingamizi, na lililo zito kuliko yote linatoka Uingereza. Mwaka 2001 msanii Jeremy Deller alikusanya watu wapatao elfu moja kuigiza mapambano ya Orgreave ya mwaka 1984 kati ya polisi na wachimbaji wa makaa waliogoma. Ilikuwa imepita miaka 17 tu, na wachimbaji wenyewe, wale waliopigwa virungu, walikuwamo wakiigiza siku yao. Wengi waliona kwamba ukweli wao, uliopotoshwa kwenye televisheni, ulikuwa umerudishwa. Je, siwanyimi waathirika wa Kindu haki hiyo hiyo? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na naona linarekebisha hoja yangu bila kuivunja. Aliyeumia akichagua mwenyewe kuonyesha, mbele ya watu aliowachagua, hakuna mhadhiri wa kumzuia. Lakini Orgreave ilikuwa ya virungu na farasi, waliopigwa walirudi majumbani, na waliowapiga hawakuwa na sababu ya kurudi kulipiza. Hapa kwetu aliyetendewa na aliyetenda huweza kuchota maji kisima kimoja. Sare ya kijeshi mwilini mwa raia ni jambo la kukamatwa, na kwa mtu aliyeporwa na wenye sare, mwigizaji aliyevaa sare hana alama inayomtofautisha. Na kuna mambo ambayo nayakataa kabisa, hata kwa ridhaa: ubakaji hauigizwi, kwa ishara wala kwa kivuli. Sheria ya Desemba 2022 imewatambua waathirika wa ukatili wa kijinsia unaohusiana na vita na haki yao ya fidia, na tarehe 2 Agosti sasa ni siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa. Siku hiyo itawavutia wenye kupenda jukwaa. Tuwe tumeshakubaliana mapema nini hakipandi jukwaani.

Wengine husema afadhali kunyamaza, kwamba kidonda kikiguswa hakiponi. Ningekubali kama kunyamaza kungekuwapo. Watoto wanachonga bunduki za mti, wanacheza Mai-Mai na serikali uani. Maigizo ya vita yapo tayari, yanaongozwa na watoto wa miaka minane, na mashujaa wake ni wenye silaha. Kinachokosekana si mchezo, ni mtu mzima wa kuuliza, katikati ya mchezo, nani anawapikia hawa askari. Na wanaosema vijana hawatakuja pasipo mlio wa bunduki, nawakumbusha Bukavu, mwishoni mwa Mei 2015. Mswisi Milo Rau alifungua mahakama ya maigizo iliyokaa siku tatu. Jukwaa lilikuwa la tamthilia, lakini wanasheria, wachimbaji, viongozi na manusura walikuwa watu wa kweli wakisema kwa majina yao kuhusu madini na mauaji ya kijiji cha Mutarule. Hakuna aliyepiga risasi. Ukumbi ulijaa, na watu walikaa saa nyingi wakisikiliza ushahidi. Kilichoigizwa pale kilikuwa haki, kitu ambacho watu wa Kivu walikuwa hawajakiona, na ndiyo maana walikuja kukiona.

Vyanzo vya kutungia vipo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010 imeorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini kati ya mwaka 1993 na 2003. Lubumbashi imetuachia mfano wa Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi nzima katika picha zipatazo mia moja mwaka 1973 na 1974, na kuieleza kila picha kwa Kiswahili. Hakuwa na cheti cha historia. Alikuwa na picha moja kwa kila tukio, na maneno ya kuifungua. Nasi tunaweza kuanza na kidogo hivyo hivyo: gunia moja, mizani moja, kivuko cha Alunguli, stesheni.

Kuna jambo moja litakalowasumbua watakaoanza, nami sina dawa yake ya haraka. Mwigizaji wa Waterloo hupewa kikosi, cheo, mara nyingine hata jina la mtu aliyeishi, kwa sababu majeshi yale yaliandika watu wao. Mpagazi wa Maniema kwa sehemu kubwa aliandikwa kama namba katika jumla. Kijana atakayebeba gunia lake kutoka bandarini atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza, anambebea nani. Kabla ya kutafuta ngoma, mavazi au kibali cha manispaa, yapo maswali ya kwenda nayo Kasongo, Kabambare, Kibombo, Pangi, Kailo, Punia na Lubutu, nyumba kwa nyumba, kwa wazee waliowahi kusikia wazee wao wakisimulia: nani katika ukoo huu alichukuliwa kubeba, alirudi au hakurudi, na aliitwa nani.